Ploti ya Ukubwa Gani? Hesabu ya R kwa Majaribio ya Shamba Huku Pwani

Anayepanga jaribio la mbegu huulizwa kwanza atapanda aina ngapi, kisha ana ardhi kiasi gani. Ukubwa wa ploti, yaani sehemu ya shamba inayopandwa aina moja, huja mwisho, na mara nyingi jibu ni lile la msimu uliopita: mistari minne, mita tano. Hizo mita tano zilitoka wapi, ni nadra mtu kuuliza. Nasi tunaona hapo ndipo majaribio mengi yanapoharibika kabla hata mbegu haijaingia ardhini, kwa sababu ukubwa wa ploti na idadi ya marudio (mara ngapi kila aina inapandwa kwenye jaribio) ndivyo vinavyoamua kama utaweza kutofautisha mbegu nzuri na udongo mzuri.

Huku Mombasa na jirani zake jambo hili halina mzaha. Ukitoka Likoni, ukapita Kisauni hadi Mtwapa, udongo hubadilika ndani ya hatua chache. Hapa mchanga mweupe, pale jiwe la matumbawe liko shubiri moja chini ya jembe, mbele kidogo udongo mwekundu. Juu ya hayo kuna minazi na mikorosho ya tangu enzi za mababu, yenye kivuli na mizizi inayofika mbali, kuna vichuguu vya mchwa, na kuna mahali palipokuwa zizi la mbuzi ambapo mahindi hunawiri kila mwaka hata usipotia mbolea. Ploti ya mahindi ya PH1 ikiangukia kwenye zizi na ya PH4 ikaangukia kwenye matumbawe, mizani itakupa jibu ambalo halihusu mbegu hata kidogo.

R, programu ya kompyuta ya takwimu, inaweza kusaidia sana hapa. Lakini inasaidia yule aliyeipelekea vipimo vya shamba lake mwenyewe. Aliyenakili namba za shamba la watu wengine itamrudishia jibu la shamba la watu wengine.

Kanuni yenyewe

Mwaka 1910 pale Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, Mercer na Hall waligawa eka moja ya ngano ya aina moja, iliyotunzwa kwa namna moja, katika vipande 500, wakavuna na kupima kila kipande peke yake. Matokeo yalichapishwa 1911. Ngano ilikuwa ileile, lakini mavuno yalipishana kipande hadi kipande, na kupishana huko kote kulitokana na ardhi na bahati. Mwaka 1938 Fairfield Smith alikusanya data nyingi za namna hiyo akaonyesha kwamba zinafuata utaratibu mmoja. Variansi (kipimo cha kupishana) ya mavuno kwa kila kipimo cha eneo hushuka ploti inapokuwa kubwa, nayo hushuka hivi: variansi ya ploti yenye vipande x ni variansi ya kipande kimoja, gawanya kwa x iliyopandishwa kwa kipeo b.

Hiyo b ndiyo siri ya shamba lako. Kwa kawaida iko kati ya 0 na 1. Ikikaribia 1, vipande jirani havifanani, rutuba imetapakaa ovyo, na kila mita unayoongeza kwenye ploti inakuletea habari mpya. Ikikaribia 0, jirani na jirani wanafanana, rutuba iko kwa mabaka makubwa, na kuikuza ploti ni kama kuongeza vijiko kwenye sufuria moja ukitaka kujua ladha ya pilau ya mtaa mzima.

Tuiweke kwenye tarakimu za mfano. Chukua shamba ambalo CV (kupishana kwa mavuno kama asilimia ya wastani) ya kipande kimoja ni asilimia 30. Kama b ni 1, ploti ya vipande 16 itashusha CV hadi 7.5. Kama b ni 0.5, ploti hiyohiyo itaifikisha 15. Kama b ni 0.2, utaishia na 22.7, yaani umelima mara kumi na sita zaidi na umepunguza huko kupishana kwa robo tu. Ardhi ileile, jasho lilelile, faida tatu tofauti kabisa. Anayetoa ukubwa mmoja wa ploti kwa mashamba yote ya Pwani hajaiona tofauti hii.

Kuipata b shambani

Njia ya uhakika ni kupanda zao moja, aina moja, kwa utunzaji mmoja, halafu kuvuna vipande vidogo. Tumia shamba lilelile utakalofanyia majaribio. Usichague kona iliyonyooka vizuri kwa sababu tu inapendeza kupima.

Mpango unaofaa kwa mahindi ni eneo la mita 18 kwa 24. Nafasi ni sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo. Unapata mistari 24, kila mmoja mita 24, na kila mstari unaukata katika vipande 16 vya mita 1.5. Hivyo una vipande 384, kila kimoja mita za mraba 1.125 na mimea 5. Namba 24 na 16 hazikuja kwa bahati. Zote zinagawanyika kwa 2, 4 na 8, kwa hiyo unaweza kuunganisha vipande kwa maumbo mengi bila kubaki na masalio. Aliyepanda mistari 23 atajuta kwenye kompyuta, maana 23 haigawanyiki. Zungusha mistari miwili ya ulinzi pande zote, uipande kama mingine, usiipime.

Kipande chenye mimea 5 ni kidogo, kwa hiyo pengo moja ni asilimia 20 ya mimea. Panda mbegu mbili kila shimo, zichukue zote kwenye mfuko mmoja, kisha punguza ubaki mche mmoja. Mbolea iwe ya shimo kwa shimo kwa kizibo cha soda kilichosawazishwa, kwani ikimwagwa kwa mkono na watu watatu utakuwa umepima mikono ya watu watatu. Palizi ikianza imalizwe siku ileile. Wakati wa masika, hasa Mei, nusu ya shamba ikipaliliwa kabla ya mvua ya siku tatu na nusu nyingine baada yake, utaona mpaka ulionyooka katikati ya data ambao udongo hauna.

Kwenye mavuno, kila kipande na mfuko wake, na lebo iandikwe kwa penseli kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwa unyevu: 07-12, mstari wa saba, kipande cha kumi na mbili. Mizani inayopanda kwa gramu 50 haifai hapa. Kipande kikitoa nusu kilo, kukadiria huko peke yake kunaweza kupotosha kwa asilimia 5. Tafuta ya gramu 5 au chini yake. Pima unyevu wa punje kwa mashine, ulete uzito wote kwenye asilimia 13.5. Zidisha uzito kwa 100 ukitoa unyevu uliopima, gawanya kwa 86.5. Kilo 2.4 zenye unyevu wa 22 zinakuwa kilo 2.16. Ukiliruka hili, vipande vilivyovunwa asubuhi na vilivyovunwa alasiri havitalinganishwa kwa haki.

Tumbili wakila mstari ulio karibu na kichaka, uandike. Usizibe namba kwa kukisia. Mstari mzima ukiharibika, afadhali uutoe wote na ubaki na idadi inayogawanyika, hata kama itakulazimu kutoa mistari mingine mizima iliyo salama.

Kwenye kompyuta

R ni ya bure, inakaa kwenye laptopu ya kawaida, na ukishaipakua pamoja na vifurushi vyake haihitaji intaneti. Kifurushi cha agricolae, kilichotungwa na Felipe de Mendiburu, kina amri ya index.smith iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Humo humo kuna data ya mpunga wa IR8 kwa jina la rice, mita 36 kwa 18, ambayo ni nzuri ya kujizoesha kabla hujapata ya kwako.

Faili lako liwe ramani ya shamba: safu wima 24, safu mlalo 16, namba tupu. Usiweke safu ya namba za mfululizo wala majina juu. Kosa hili tunaliona mara nyingi. Safu ya 1, 2, 3 hadi 16 iliyoachwa kando husomwa kama mavuno, na hakuna onyo lolote litakalotokea.

shamba <- read.csv("shamba.csv", header = FALSE)
dim(shamba)
image(t(as.matrix(shamba)))
library(agricolae)
u <- as.data.frame(index.smith(shamba)$uniformity)
names(u)
u <- subset(u, plots >= 10)
m <- lm(log(Vx) ~ log(Size), data = u, weights = plots - 1)
coef(m)

Mstari wa pili lazima ukupe 16 na 24. Ukikupa 25, ile safu ya ziada imeingia. Wa tatu unachora shamba kwa rangi, na tafadhali litazame kabla ya kuendelea. Kichuguu, zizi la zamani na ukanda ulio chini ya mnazi vitajitokeza kama mabaka, na jicho litakuambia mambo ambayo namba moja haiwezi kuyasema.

Amri ya index.smith huunganisha vipande kwa kila umbo linalowezekana na kukupa jedwali lenye ukubwa, upana, urefu, idadi ya ploti, variansi na CV. Hapa kuna mtego. Mchoro na mlinganyo inaokupa yenyewe ni wa CV dhidi ya logi ya ukubwa. Unapendeza, lakini mwinamo wake sio b ya Smith. Ili kupata b lazima ulinganishe logi ya variansi na logi ya ukubwa kama ilivyo hapo juu. Mwinamo utakuja na alama ya kutoa. Iondoe, hiyo ndiyo b.

Uzito wa "plots - 1" una sababu yake. Variansi ya ukubwa wa kipande kimoja imetokana na vipande 384, na ya ukubwa wa vipande 32 imetokana na ploti 12 tu. Ukizipa nguvu sawa, zile chache zinazoyumba zitauvuta mstari zitakavyo. Ndiyo maana pia tunatupa ukubwa wenye ploti chini ya 10.

Kuna wanaopenda kuutazama mkunjo wa CV na kuonyesha kidole pale unapopinda, wakisema ploti bora ni hii. Njia hiyo isitumike kwa jicho. Badilisha kipimo cha mhimili mmoja na kona inahama, ilhali shamba halijabadilika.

Gharama, na tofauti unayotaka kuiona

Ukubwa bora hautokani na udongo peke yake. Smith aliweka gharama ndani ya hesabu: kuna gharama ya kila ploti hata iwe ndogo namna gani (kigingi, lebo, mfuko, kupima, kuandika), na kuna gharama ya kila kipande (kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna). Ukubwa bora ni (b mara gharama ya ploti), gawanya kwa ((1 kutoa b) mara gharama ya kipande). Tumia dakika za kazi badala ya shilingi, maana bei ya kibarua hubadilika na dakika hazibadiliki.

Tuseme ploti moja inakula dakika 20 zisizotegemea ukubwa, na kila kipande dakika 3. b ikiwa 0.5, jibu ni vipande 6.7, karibu mita za mraba 7.5. Ikiwa 0.3, ni vipande 2.9, mita 3.2. Ikiwa 0.7, ni vipande 15.6, mita 17.5. Haya ni maeneo ya kuvuna, bila mistari ya mpaka. Na usihangaike na desimali, kwa sababu gharama haipandi haraka ukikosea kidogo karibu na ukubwa bora. Chukua umbo lililo karibu linalopandika vizuri.

Swali la maana zaidi ni hili: kwa ploti hii na marudio haya, ni tofauti gani kati ya mbegu mbili nitakayoweza kuikamata? Hatheway aliliunganisha na kanuni ya Smith mwaka 1961. Tofauti hiyo kwa asilimia, ikipandishwa kipeo cha pili, ni sawa na 2 mara mraba wa (t1 + t2) mara mraba wa CV ya kipande, yote gawanya kwa marudio mara x kwa kipeo b. t1 na t2 ni thamani za jedwali la t. t1 ni ya kiwango cha asilimia 5, yaani hatari ya kuona tofauti isiyokuwepo. t2 ni ya uhakika unaoutaka wa kuikamata tofauti iliyopo, na kwa asilimia 80 utaipata kwenye R kwa qt(0.8, df).

Chukua aina 6 za mahindi, CV ya kipande 30, b 0.5. Marudio 4 na ploti ya vipande 8: digrii za uhuru (df) ni (6 kutoa 1) mara (4 kutoa 1), yaani 15, t1 ni 2.131, t2 ni 0.866. Tofauti utakayoikamata ni asilimia 38. Lisome tena jibu hilo. Mbegu mpya ikizidi ile ya zamani kwa asilimia 20, ambalo kwa mkulima wa Matuga ni gunia la kweli kabisa, jaribio hili kwa kawaida litasema hakuna tofauti.

Sasa ongeza. Ukikuza ploti hadi vipande 16 na marudio yabaki 4, unashuka hadi asilimia 32. Ukiacha ploti ya vipande 8 na kufanya marudio 8, unashuka hadi asilimia 26. Eneo la kuvuna ni lilelile kwa pande zote mbili, mita za mraba 432.

Lakini eneo la kuvuna sio eneo lote. Ploti ya vipande 8 ni mistari 2 ya mita 6. Ukiweka mstari wa mpaka kila upande na mmea mmoja kila mwisho, inakuwa mistari 4 ya mita 6.6, yaani mita za mraba 19.8. Ya vipande 16, mistari 4 ya mita 6, inakuwa 29.7. Kwa hiyo ploti 48 ndogo zinahitaji mita 950, na ploti 24 kubwa zinahitaji 713. Ndani ya hizo 713 unaweza kuweka marudio 6 ya ploti ndogo, na tofauti unayoikamata ni asilimia 30 dhidi ya 32. Faida ipo, ila ni ndogo.

Rudia hesabu kwa b ya 0.2, shamba la mabaka makubwa. Ploti kubwa na marudio 4: asilimia 48. Ploti ndogo na marudio 6 kwenye ardhi ileile: asilimia 41. Hapo faida ni nono. Kwa mashamba yetu yenye matumbawe na mabaka, tunaegemea upande wa ploti ndogo na marudio mengi, mradi mpaka usikatwe. Ukikata mpaka ili kubana eneo, aina ndefu itaitia kivuli fupi iliyo jirani yake, na hakuna marudio yatakayoliponya hilo. Kwa kunde na pojo, mstari mmoja wa mpaka kwa kawaida unatosha. Muhogo uliotanda matawi unahitaji uangalifu zaidi.

Umbo nalo limo ndani ya jedwali lilelile. Linganisha ukubwa wa vipande 8 kwa maumbo yake manne: 1 kwa 8, 2 kwa 4, 4 kwa 2, 8 kwa 1. Umbo lenye variansi ndogo zaidi linakuonyesha rutuba inabadilika kuelekea wapi. Ploti ndefu ilazwe kufuata upande huo wa mabadiliko ili kila ploti ionje kizuri na kibaya, na bloki (kundi la ploti lenye kila aina mara moja) zipangwe zikikata upande huo, ili ndani ya bloki moja hali zifanane. Shamba likiwa na mteremko kuelekea baharini, kawaida ndio upande wenyewe, lakini liachie jedwali lithibitishe.

Usipoweza kutoa msimu mzima

Wengi hawana msimu wa kupanda aina moja na kuvuna mifuko 384. Koch na Rigney walionyesha mwaka 1951 kwamba b inaweza kukadiriwa kutoka kwa jaribio la kawaida. Vuna kila ploti vipande vipande badala ya kwa pamoja. Ploti ya mistari 4, kila mstari nusu mbili, inakupa vipande 8.

Fanya uchambuzi wa variansi (ANOVA) kwa kipimo cha kipande, upate wastani wa miraba wa kosa kati ya ploti na ule wa ndani ya ploti. Tuseme ni 300 na 100, kwa aina 6 na marudio 4. Variansi ya ploti ya vipande 8 ni 300 gawanya kwa 8, yaani 37.5. Variansi ya kipande kimoja inachanganya zote mbili kwa uzito: 20 mara 300, ongeza 168 mara 100, gawanya kwa 188, unapata 121.3. Hiyo 20 ni bloki 4 mara (ploti 6 kutoa 1), na 168 ni ploti 24 mara (vipande 8 kutoa 1). b ni logi ya 121.3 gawanya kwa 37.5, yote gawanya kwa logi ya 8, nayo ni 0.56.

Namba hii ina mtikisiko kuliko ile ya vipande 384, kwa hiyo ikusanye kwa misimu kadhaa kwenye shamba lilelile, masika na vuli, kabla ya kuitegemea. Andika pamoja nayo ukubwa wa kipande, CV yake, zao na nafasi ya kupanda. b isiyo na hivyo vinne haimsaidii mwenzako anayelima upande wa pili wa uzio.